Kiangazi cha Edinburgh

Sisi tufundishao Kiswahili katika shule za Uganda twakutana kila muhula na sentensi za kutafsiri zinazotaja majira ya Ulaya. Mwanafunzi akikuta majira yale yaanzayo mwezi wa Juni huandika "kiangazi", nasi humpa alama yake tukaendelea. Lakini tangu tulipokaa Edinburgh, huko Uskoti, mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni mwaka 2024, kwa dada yetu mkubwa aliye muuguzi, alama hiyo twaitoa kwa mkono mzito.

Kwetu kiangazi ni jua kali, vumbi, na ukoka wa uwanja wa shule uliokauka hata ukalia chini ya kiatu. Kule huo ndio wakati nyasi zinapokua kwa kasi. Dada yetu ana kiwanja cha nyasi nyuma ya nyumba, kadiri ya chumba cha darasa, na kila Jumamosi alitukabidhi mashine ya kukatia. (Mashine hiyo ina asili ya Uingereza, Edwin Budding wa Gloucestershire aliipatia hataza mwaka 1830. Fyekeo, alijualo kila mwanafunzi wa kwetu aliyewahi kuchelewa shuleni, hatukuliona.) Sharti lake lilikuwa moja: tusikate zaidi ya theluthi ya urefu wa jani kwa mara moja, maana nyasi zikinyolewa mno hudhoofika, na yale manyoya ya kijani yapendayo unyevu na kivuli hutambaa mahali pake.

Nyasi hizo si ukoka. Ukoka hupenda joto, na baridi huugeuza rangi ya kahawia. Zile hustawi katika nyuzi 15 hadi 24 za Selsiasi, madhali zapata mvua na nuru. Na nuru ipo! Mwanzoni mwa Juni jua huchomoza huko karibu saa kumi na nusu alfajiri, likachwa karibu saa nne. Saa nne za usiku, walimu wenzetu! Saa yetu ya Kiswahili, ihesabuyo tangu kucha hadi kuchwa, yapotea njia kabisa.

Hata hivyo nuru si joto. Mwishoni mwa Mei jalidi yaweza bado kuanguka usiku, kwa hiyo miche ya nyanya iliyokuzwa ndani haipandikizwi ghafula. Huzoezwa: hutolewa nje asubuhi, hurudishwa ndani jioni, kwa siku kumi hivi. Kazi hiyo ilikuwa ya mpwa wetu, mtoto wa miaka kumi aliyezaliwa huko, ambaye hufundishwa Kiswahili na mama yake. Januari iliyotangulia, bibi yake aliyeko Arua alimwambia katika simu kwamba kiangazi kimewashika. Mtoto akampongeza.

"Mjomba," alituuliza akiwa amebeba miche, "kama kiangazi ni majani kufa, mbona kila Jumamosi unakata?"

Tulimwambia aseme "majira ya joto". Akatazama sweta yetu, akacheka. Mama yake akakitetea kiangazi: sikio husikia humo kuangaza, na wapi pana mwangaza kuliko hapa? Hoja hiyo ina uzito, lakini hatukuikubali. Mwanafunzi wa Arua asomapo kiangazi haoni jua la saa nne za usiku. Aona kisima kikipungua na mama yake akitembea mbali zaidi na ndoo. Neno lililobeba jambo zito namna hiyo halifai kutwishwa pia bustani iliyolowa mvua.

Tangu muhula uliofuata twaandika ubaoni "majira ya joto", tukieleza kwamba mchana wa Juni kule kwa kawaida hufika nyuzi 17 au 18 tu. Darasa hucheka kama alivyocheka mpwa wetu, ambaye bado hajaridhika. Katika barua yake ya mwisho asema nyanya zimetoa maua, nyasi zimekatwa mara mbili juma lile, naye sweta hajaivua.