Mvinyo wa Povu wa Shamba la Baba

Nilipokuwa mtoto, sisi wa Hombolo tulilima zabibu lakini mvinyo haukutuhusu. Kazi ya baba iliishia kwenye geti la kiwanda. Mizabibu iliingia Dodoma miaka ya 1950 kupitia wamisionari wa Bihawana, ikastahimili ukame wetu pale mahindi yaliponyauka, na wazee wakaishika kama zao lao.

Huku tunavuna mara mbili kwa mwaka: Machi, mvua zikiwa bado zinanyesha, na tena Agosti hadi Septemba, wakati wa kiangazi. Za Machi ndizo zilizotutesa. Hujaa maji, hushambuliwa na ukungu, na zikishakatwa hazisubiri. Nakumbuka foleni nje ya kiwanda kimoja, kreti juu ya pikapu, nyuki wamezagaa, juisi inachuruzika hadi chini. Jioni tukaambiwa matangi yamejaa. Mzigo wote tukaumwaga.

Baada ya hasara za namna hiyo, mdogo wangu alikwenda kituo cha utafiti cha Makutupora kuulizia usindikaji. Tukaanza na mvinyo mwekundu, na huo haukutusumbua sana. Mweupe wa povu ulikuwa kazi nyingine kabisa.

Tuna mistari michache ya Chenin Blanc, zabibu yenye asili ya bonde la mto Loire, Ufaransa, ambako watu wa Vouvray hutengenezea mvinyo wa povu tangu zamani. Kwa mvinyo huo unavuna mapema, uchachu ukiwa bado juu. Jambo hilo lilimuuma baba, maana maisha yake yote alijua zabibu hulipiwa utamu. Mvinyo ukishatulia unatiwa kwenye chupa nene pamoja na hamira na sukari, kama gramu 24 kwa lita, kisha unafungwa kwa kizibo kama cha soda. Hamira inakula sukari, gesi inakosa pa kutokea, na presha inapanda hadi karibu mara tatu ya ile ya tairi la gari. Chupa hulala miezi mingi, halafu huinamishwa kidogo kidogo hadi mashapo yote yashuke shingoni. Hapo shingo inagandishwa, kizibo kinafunguliwa, mashapo yanaruka nje, na chupa inapigwa koki.

Baba hakuwahi kuona zabibu zake zikiwa na jina. Chupa ya kwanza ilipobandikwa lebo, aliisoma kwa sauti, akaipeleka kwa jirani naye aisome. Shamba ni lilelile, lakini sasa bei tunaipanga sisi.

Ndugu zangu wa kamati za harusi, najua shampeni ya nje imezoeleka mezani kwa maharusi. Safari hii, kabla hamjaagiza, ulizeni kwanza iliyotengenezwa kwa zabibu za Dodoma. Mkiikosa dukani, mwambieni mwenye duka ailete.