Saa Ikigoma, Utakuwa Wapi?

Kwetu Busiu, kwenye barabara kuu ya Tororo kwenda Mbale, hakuna anayechelewa kwa kukosa saa. Taksi huondoka ikijaa, dakika haiulizwi. Jua nalo, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, huchomoza kabla kidogo ya saa moja asubuhi, na mwaka mzima halipishani zaidi ya kama nusu saa. Hata hivyo mpwa wangu alipomaliza tohara ya imbalu na kuhesabiwa mwanamume, zawadi aliyoitaka kwangu ilikuwa saa ya mkononi. Simu yake inaonyesha wakati barabara kabisa, lakini sikumkumbusha. Mtu haombi saa kwa sababu hajui ni saa ngapi.

Tukaenda Mbale mjini, tukaupita mnara wa saa hadi kwa fundi mmoja wa barazani. Meza yake ina droo ya kioo, na jicho lake la kulia halitoki kwenye kile kioo cha kukuzia. Akatutandikia kitambaa, akaweka saa tatu.

Ya kwanza ilikuwa Seiko 5 iliyotumika, mgongo wake kioo. Ndani unaona kipande cha chuma kikizunguka kila mkono unapotikisika, na mzunguko huo ndio unaokaza kamani. Haijui betri. Ukiivua Ijumaa jioni, Jumapili mchana utaikuta imelala, na hata ikiwa macho hukimbia au kuchelewa sekunde kadhaa kwa siku. Mimi moyo wangu ulibaki hapo, sifichi. Ila saa ya namna ile inataka mtu anayeishi jirani na fundi.

Ya pili ilikuwa saa janja. Inahesabu hatua, inapima mapigo ya moyo, inakuletea ujumbe. Kijana aliitazama kwa uchu.

“Umeme wa kuichaji kila siku upo?” fundi akamuuliza.

“Kuna siku upo, mzee.”

Fundi akairudisha kwenye droo bila neno.

Ya tatu ilikuwa Casio F-91W, ile nyeusi ya plastiki iliyotoka mwaka 1989 na hadi leo haijabadilika. Ndani yake mna kipande cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na betri yake hukaa miaka kama saba. Seiko ilipouza saa ya kwanza ya mkononi ya kwatzi mjini Tokyo, Desemba 1969, bei yake ilikuwa sawa na ya gari dogo. Leo anayeivaa ni mwendesha boda boda, na kwa kushika majira inaishinda saa ya kamani ya tajiri. Sijui uvumbuzi mwingine ulioshuka hadhi kwa heshima namna hiyo.

Nimeona watu wakichagua pikipiki, shule, hata wachumba kwa kuuliza kitu kinafanya nini kikiwa kizima. Hapo kila kitu kinapendeza, na muuzaji yeyote ana jibu. Mimi huuliza habari za siku kitakapogoma: nitakuwa wapi, nani atakifungua, na kwa fedha ya nani? Ukiuliza hivyo utaviacha vitu vingi vizuri dukani, na roho itakuuma kidogo, kama yangu ilivyoniuma kwa ile Seiko.

“Mjomba, hii si ya watoto?” mpwa wangu akauliza, Casio ikiwa mkononi.

Nikamwambia abonyeze kitufe cha kulia, akishikilie sekunde tatu. Jina la kampuni likatokea kwenye kioo. Feki nyingi hushindwa hapo, ingawa wajanja sasa wanaiga hata hilo, ndiyo maana fundi aliifungua mgongo tukaangalia na ndani. Kijana akaivaa. Mkanda utakatika kabla betri haijaisha, fundi akamtahadharisha, naye akanunua wa akiba palepale kwa fedha yake mwenyewe.