Nyumba ya Watoto Iliyo Kimya

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Karani mmoja wa serikali, mkazi wa mashariki ya Nairobi, aliyasikia maneno hayo tangu utotoni, lakini maana yake hakuifahamu barabara mpaka mwaka 2019, alipotafuta mahali pa kumweka mwanawe mchana.

Mkewe alikuwa mwuzaji katika duka moja mjini. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 humpa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye mshahara kamili, na baba majuma mawili. Likizo ilipokwisha, nyanya wa mtoto alikuja kutoka shamba akamlea mjukuu wake. Lakini mvua za masika zilipokaribia ilimbidi arudi kupanda mahindi. Wakati huo mtoto alikuwa na umri wa miezi tisa tu, ndiyo kwanza amepata chanjo ya surua.

Karani akachagua upesi. Karibu na kituo cha matatu palikuwa na mama mmoja aliyelea watoto wa watu chumbani mwake kwa shilingi 100 kwa siku. Karani alichungulia mlangoni, akaona watoto wapatao 15 wamelala mkekani, wala hapana hata mmoja aliyelia. Akarudi nyumbani akamwambia mkewe, "Mlezi yule ana mkono mwema. Watoto wote wametulia kama maji ya mtungini."

Majuma mawili yakapita. Kisha mama wa mtoto akaanza kuona mambo asiyoyapenda. Mtoto alirudi jioni akiwa mzito, hataki kucheza wala kunyonya, na usiku halali. "Baba, mtoto huyu hakuwa hivi," akasema. Karani akamjibu kwamba watoto hubadilika, akaendelea kusoma gazeti lake.

Ijumaa moja karani aliondoka kazini mapema, akapitia kule saa nane mchana bila kutoa habari. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, akabisha kwa muda mrefu. Alipofunguliwa, aliona jiko la makaa linawaka mle ndani, na dirisha la pekee limefungwa. Akamnyanyua mwanawe, akamwita jina lake. Kichwa kikaanguka begani, macho hayakufunguka. Akapaza sauti watoto wengine watolewe nje, akakimbia na wake mpaka hospitalini.

Tabibu alimweleza kwamba makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo katika chumba kilichofungwa huua watu usingizini. Akauliza pia kama mtoto alinyweshwa dawa ya kumlaza, maana wako walezi wafanyao hivyo. Karani hakuwa na jibu. Hakupata kuuliza jambo lo lote katika nyumba ile isipokuwa bei. Magharibi mtoto akafumbua macho, akamtambua mama yake. Karani akageuza uso ukutani, asionekane akilia.

Aliwaza kwamba alipomnunulia baba yake ng'ombe, alimkagua meno, kwato na kiwele, akauliza habari za mama yake ng'ombe huyo. Lakini mlezi wa mwanawe alimchungulia mara moja tu.

Basi akaomba likizo ya siku chache, akatafuta upya. Nyumba ya kwanza ilikuwa na kuta zilizochorwa picha nzuri, lakini mwenyewe alisema wazazi hawaruhusiwi kupita langoni. Karani akamshukuru, akaenda zake. Nyumba ya pili ilikuwa ya mabati, ua umefagiliwa, madirisha wazi, jikoni mbali na watoto, maji na sabuni mlangoni. Palikuwa na makelele! Mmoja alilia, wawili walipiga sufuria. Mlezi na wasichana wake wawili walikuwa na watoto 10. Kabla ya kutaja malipo aliuliza mtoto hula nini, amechanjwa chanjo zipi, na akiugua aitwe nani. Kisha akasema, "Njoo saa yo yote, baba. Hapa hatufungi mlango."

Karani aliketi pale saa mbili nzima. Aliona kwamba kila mtoto aliyelia alifikiwa na mtu, akasemeshwa.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwongozo wa malezi ya watoto wachanga. Walitaja mambo matano: afya, chakula bora, usalama, kujifunza mapema, na mlezi amwitikiaye mtoto. Hilo la mwisho halionekani katika rangi ya ukuta. Huonekana kwa mzazi aketiye na kutazama.

Malipo yalikuwa shilingi 150, na karani akaacha kununua chakula cha mchana mjini. Jioni ya kwanza mtoto alirudi na uji kifuani na vumbi magotini, akipiga kelele njia nzima. Jirani akauliza kama ni mgonjwa. "La, Mama," karani akajibu, "ni mzima kabisa."

Baba ye yote atafutaye mlezi na aende mwenyewe, tena bila kutoa habari, wala asidanganywe na nyumba iliyo kimya.