Nilinunua Oili Ghali, Nikaacha Kuipima

Shemeji yangu aliamini kwa muda mrefu kwamba injini ya gari lake iliuawa na oili feki. Mimi nilijua si kweli, nikanyamaza. Lawama zikamwangukia muuza duka, na mwenye kosa nilikuwa mimi.

Sote wawili tuna Toyota Aqua, haibridi za mtumba zilizoteremshwa bandari ya Kilindini, Mombasa, kutoka Japani. Langu ni la kwendea kazini. Lake ni teksi, na ndilo linalolisha nyumba ya dada yangu. Nilipoagiza langu nilisoma sana. Nikajua injini yake ya lita 1.5 inataka oili nyepesi, 0W-20, na inachukua lita 3.7 pamoja na filta. Nikajua pia kwamba injini ya haibridi huwaka na kuzimika yenyewe njia nzima, na safari zikiwa fupi haipati moto wa kutosha kukausha maji na petroli vinavyopenya kwenye oili. Hayo yote ni kweli. Nilipopotea ni pale nilipojiambia kwamba injini inayosumbuka hivyo lazima ipewe oili ya bei ya juu kabisa, na ukishaipa, kazi yako imekwisha.

Nikanunua ile ya juu, karibu mara mbili ya bei ya sinthetiki ya kawaida ya namba ileile. Kwa kuwa ilikuwa ghali, nikataka idumu. Sikufungua boneti tena. Shemeji aliponiomba ushauri nilimjibu bila kusita: "Weka hii, shemeji, halafu isahau mpaka kilomita elfu kumi na tano." Aliniamini, kwa kuwa kwenye familia yetu mambo ya magari huulizwa mimi.

Tarakimu hiyo sikuibuni. Toyota kule Japani husema injini za petroli zisizo na tabo zibadilishwe oili kila kilomita 15,000 au mwaka mmoja. Lakini kwa gari la kazi ngumu huikata nusu: 7,500 au miezi 6. Kazi ngumu ni njia mbovu, vumbi, safari fupi za kila mara, kwenda polepole kwa muda mrefu. Hiyo ndiyo Mombasa. Gari likisubiri feri Likoni na AC imewashwa, betri ikishuka injini huwaka kuichaji, huzima, huwaka tena. Mita haisogei, na oili inachoka. Mimi nilishika tarakimu ya kwanza nikaiacha ya pili, kwa sababu ya kwanza ndiyo iliyohalalisha bei niliyolipa.

Lililomuumiza zaidi shemeji ni jingine. Gari la mtumba, ringi za pistoni zikichoka, hula oili kidogo kidogo bila moshi wa kukushtua, na oili ghali huliwa kama ya rahisi. Taa nyekundu ya dashibodi haipimi kiasi cha oili, inapima presha, na mara nyingi ikiwaka madhara yameshaanza. Haibridi nayo huficha ugonjwa: injini ikianza kugonga, punde inazimika, mota ya umeme inalichukua gari kimya kimya, na dereva anadhani amesikia vibaya. Cha kumwambia ukweli kilikuwa dipstiki, nami ndiye niliyemwambia haina haja.

Injini yake ilinoki maeneo ya Changamwe akiwa na abiria. Kwenye gereji, fundi alichomoa dipstiki mbele yetu. Kavu, ncha tu ina utando mweusi. Alipofungua nati ya sampu, kilichotoka hakikufika nusu lita. Beringi za konrodi zilikwaruzika hadi shaba ikaonekana. Shemeji akasema palepale, "Oili ilikuwa feki." Ni rahisi kusema hivyo, maana oili feki ipo na kila mwenye gari anaiogopa. Tukaenda dukani pamoja. Muuzaji, mzee mpole, hakupandisha sauti. Aliuliza tu, "Mliipima lini mara ya mwisho, wanangu?" Shemeji akanigeukia. Nikamjibu mzee kwamba hilo halihusu. Katika yote niliyofanya, jibu lile ndilo linaloniuma kuliko mengine.

Jioni ile nilifungua boneti yangu. Oili ilikuwa chini ya alama ya mwisho, na galoni yangu niliinunua duka jingine kabisa. Hapo nilijua kwa yakini. Bado sikusema, huku shemeji akikopa sacco anunue injini ya mtumba, na akiwaonya madereva wenzake wasinunue kwa yule mzee.

Nilipomweleza shemeji ukweli, dada yangu akiwepo, hakunifokea. Alisema, "Habari ya pesa tutaongea. Kwanza twende kwa mzee."

Nilimwomba mzee radhi mbele ya wateja wake. Kisha nikamuuliza kama ile ya bei ya juu ina faida kwetu. Akasema hapana, nami sasa nakubaliana naye. Sifa zake kubwa ni kuhimili baridi kali, joto la tabo na masafa marefu. 0W yoyote hupimwa kwenye baridi ya nyuzi 35 chini ya sifuri, na Aqua haina tabo. Hata neno sinthetiki halitoshi kukuongoza: tangu 1999, Mobil na Castrol walipofikishana mbele ya chombo cha kusimamia matangazo Marekani, oili inayotokana na mafuta ghafi yaliyosafishwa mno nayo huitwa hivyo. Mimi sasa natazama 0W-20 na alama ya API SP, kiwango kilichoanza 2020, nanunua kwa mtu ninayemwamini, na nabadilisha kila 7,500 au miezi 6.

Tuliondoka kila mtu na galoni ya lita 4 ya bei ya kati, pamoja na chupa ya lita moja ya kuongezea. Shemeji hupima kabla ya kwenda kazini asubuhi, gari likiwa limesimama tambarare. Injini ya mtumba tunailipa pamoja. Kwenye vituo vya teksi tunazunguka wote wawili kuwaeleza madereva aliowaonya, na wapo ambao hatujawapata, bado wanapita mbele ya duka la mzee wakienda kununua kwingine.