Mrehani Katika Nchi ya Baridi

Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa mrehani ni nini. Kwao huota kando ya ukuta, karibu na pale yanapomwagwa maji ya kuoshea vyombo, na mama akitaka kufunga kikuba hukata vishada viwili vitatu, akavichanganya na asumini na waridi, wala haimpitikii kuwa kuna mahali ambako mmea huo hulelewa kama mtoto mchanga. Mahali hapo ni hapa kwetu Endagikot. Nyanda za Mbulu zimeinuka juu ya Bonde la Ufa, na ifikapo Juni na Julai upepo wa alfajiri huwauma masikio wanaokwenda kuswali Subhi. Ngano huvumilia, kabichi huvumilia, na vitunguu saumu, ambavyo Mbulu inasifika kwavyo, huipenda hali hiyo. Mrehani hauvumilii. Usiku mmoja wa baridi kali hutosha kuyafanya majani yake yawe meusi, mithili ya yaliyomwagiwa maji ya moto.

Niliuzoea mmea huu nilipokuwa mwanafunzi wa chuo cha dini Tanga. Siku ya kurudi nyumbani nilifunga mbegu zake katika kipande cha karatasi, nikakitia katika mfuko wa kanzu. Basi lilipoacha barabara kuu pale Mbuyu wa Mjerumani na kuanza kuupanda mlima wa Magara, nilikuwa nikiupapasa mfuko huo mara kwa mara kama mtu aliyebeba fedha za watu.

Jina lenyewe lastahili maneno machache, kwa kuwa katika Kiswahili limekutana na neno jingine lisilo ndugu yake. Tunasema fulani ameweka shamba lake rehani, yaani amelitoa liwe dhamana ya deni. Rehani hiyo asili yake ni neno la Kiarabu rahn. Rehani ya kunukia asili yake ni rayhan, neno lenye mzizi mmoja na riha, yaani harufu, na roho. Limo katika Qur'ani mara mbili, katika Suratur-Rahman aya ya 12 na Suratul-Waqia aya ya 89. Wafasiri wamehitilafiana katika aya ile ya kwanza: wako waliosema ni mmea unaonukia, na wako waliosema ni riziki. Mimi sioni haja ya kugombana, kwani kwa aliyeonja mchuzi uliotiwa majani yake, maana zote mbili zimekutana sufuriani.

Katika hadithi aliyoipokea Muslim, imeusiwa kuwa anayepewa rehani asiikatae, kwa sababu ni nyepesi kuibeba na harufu yake ni njema. Lakini ipo hadithi nyingine mashuhuri, iliyomo kwa Bukhari na Muslim, ambamo mmea huohuo umepigiwa mfano wa namna nyingine. Mtu mwovu asomaye Qur'ani amefananishwa na rehani: harufu yake nzuri, ladha yake chungu. Hadithi hii niliihifadhi chuoni kama wanafunzi wanavyohifadhi, kwa ajili ya mtihani. Maana yake ilinifikia barabara miaka kadhaa baadaye, siku ya Ijumaa, nje ya lango la msikiti wetu.

Alikuja kijana mgeni, kanzu yake safi, sauti yake nzuri, na tajiwidi yake haina kasoro. Alitandika mkeka, akasoma aya, kisha akapanga chupa za maji ya kijani. Alisema ni maji ya rehani, mmea uliotajwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe, na kwamba huondoa presha, sukari, na kila kilichowashinda madaktari. Chupa ndogo shilingi 5,000, kubwa shilingi 10,000. Alikuja Ijumaa nne mfululizo, na kila Ijumaa aliondoka na kikapu kitupu.

Bibi mmoja wa safu ya wanawake, aliyekuwa akimeza vidonge vya presha kwa miaka mingi, alinunua chupa kubwa. Vidonge akaviweka juu ya kabati. Kichwa hakikumuuma, macho hayakumtia kiwi, akaona amepona. Na hii ndiyo hila ya maradhi haya, kwamba shinikizo la damu hupanda bila ya mwenye nalo kuhisi chochote, na vidonge vyake humsaidia anayevimeza kila siku, ajisikie vibaya asijisikie. Haikutimia wiki ya tatu, bibi alianguka jikoni. Hospitalini walisema ni kiharusi. Mkono na mguu wa kulia ukalegea, na ulimi ukawa mzito.

Nilikwenda kumjulia hali. "Shikamoo, bibi," nilimwamkia. Aliitikia taratibu, kisha akaniambia, neno baada ya neno, kama anayeokota shanga zilizomwagika, "Mwanangu Katibu, mbona alisoma aya?"

Nimeandika mihtasari ya vikao vya kamati yetu kwa miaka sita sasa, na vingi huhusu bati, rangi na deni la umeme. Kikao cha wiki ile kilikuwa tofauti. Mzee mmoja ambaye namheshimu kama baba alisimama akauliza, "Katibu, mnataka kupiga marufuku kitu kilichotajwa ndani ya Qur'ani?" Imamu alimjibu kuwa chuma na farasi navyo vimetajwa ndani ya Qur'ani, na hajaona anayevichemsha akavinywa. Watu walicheka, na mzee mwenyewe alicheka. Hata hivyo swali lake halikuwa la kupuuzwa, kwa kuwa sisi tumefundishwa kutafuta tiba wala hatukufundishwa kuidharau mimea. Nikakumbusha lililopokewa katika Sunan ya Abu Daud, kwamba Saad bin Abi Waqqas alipougua alielekezwa kwa al-Harith bin Kalada wa kabila la Thaqif, kwa sababu huyo alikuwa mtu ajuaye utabibu. Naona hapo ndipo ilipo tofauti. Mgonjwa alipelekwa kwa mwenye ujuzi wa kazi ile, hakupelekwa kwa mwenye sauti nzuri.

Tulikubaliana kwamba dawa ya aina yoyote isiuzwe langoni, na tangazo likabandikwa. Kisha ikasikika sauti ya mama mmoja kutoka upande wa pazia. Alisema tangazo pekee litawafanya watu wadhani tumewanyima kitu cha thamani. Kama kilichokuwa ndani ya chupa ni majani, basi majani hayo yapandwe hapa hapa msikitini, kila mtu achume bure, ayanuse, ayale, ajionee ni kitu gani. Sijapata kuandika azimio kwa furaha kama nilivyoandika hilo.

Tulichagua ukanda mwembamba nyuma ya pale tunapotawadha, penye ukuta unaopata jua tangu asubuhi hadi alasiri. Maji ya udhu hupita hapo kwa mfereji. Mtu mmoja alitia shaka, akaelezwa kuwa katika madhehebu yetu ya Shafi maji yaliyokwisha kutawadhiwa ni tohara ingawa hayatoharishi tena, na mrehani hautafuti kutawadha. Sharti ni moja tu, asiwepo wa kunawia sabuni hapo.

Namna ya kuulea nitaieleza kwa urefu kidogo, kwa ajili ya wasomaji walio katika baridi kama yetu, wawe Lushoto, Njombe au Makete. Kwanza, usipande kabla baridi haijavunjika. Sisi husia mbegu mwishoni mwa Agosti au Septemba, katika makopo yaliyotobolewa chini, tukayaweka ndani penye dirisha la jua. Mbegu ni nyeusi na ndogo sana, nayo hutaka mwanga. Usiifukie, itandaze juu ya udongo laini uliolowa, uipapase kwa kiganja, basi. Ikipata joto huchipua ndani ya wiki moja au zaidi kidogo. Miche ikifikisha majani sita huhamishiwa nje, shubiri moja na nusu baina ya mche na mche, katika udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huuunguza.

Jirani yetu, mama wa Kiiraqw ambaye si Mwislamu lakini hujua kila kinachoota katika mtaa huu, alipoiona miche yetu ikitetemeka alikwenda kwake akarudi na mzigo wa mabua ya mahindi. Aliyasimamisha upande unaotoka upepo, akayafunga kwa kamba ya katani, akasema, "Huyu mgeni wenu mvisheni koti." Mabua hayo yalifanya kazi kuliko mbolea yote. Siku hizi huja kuchuma kwa ajili ya supu ya mbuzi, na hana haja ya kubisha hodi.

Mwagilia asubuhi. Majani yakilala yamelowa katika usiku wa baridi huota ukungu. Na mche ukifika kimo cha shubiri, ukate ncha yake juu kidogo ya jozi ya pili ya majani. Pale ulipokata patatoka matawi mawili badala ya moja. Wengi huuonea huruma wasiukate, nao hurefuka kama fimbo, ukatoa maua mapema, na majani yakawa machache na makavu. Mrehani hukatwa ili uzidi. Acha mashina mawili tu yatoe maua, hayo ndiyo ya mbegu, na nyuki watakushukuru.

Mwezi Mei, kabla mambo hayajaharibika, kata vijiti vyenye urefu wa kidole, ondoa majani ya chini, vitie katika gilasi ya maji. Baada ya wiki moja au mbili utaona mizizi myeupe. Vipande katika makopo, viwe jikoni karibu na dirisha, penye joto la meko lakini si ndani ya moshi. Hivyo ndivyo mmea wa Tanga unavyovuka Julai ya Mbulu. Naye anayedhani kuwa rehani ni ya pwani peke yake, na atazame Yemen. Huko Taiz, wanawake wa Jabal Sabir, mlima ambao kilele chake hupita mita 3,000, ni mashuhuri kwa kuchomeka vishada vya rehani pembeni mwa nyuso zao, ndani ya ushungi. Kwa hiyo hatukuwa wa kwanza kuupeleka milimani.

Msomaji asiuchanganye na kivumbasi, jamaa yake anayeota mwenyewe maporini na kando ya njia. Hicho hufukizwa kufukuza mbu, na harufu yake ni kali. Yuko jamaa mwingine ambaye jina lake la kisayansi, Ocimum kilimandscharicum, limebeba jina la mlima wetu mkubwa, na harufu yake ni ya kafuri. Wote ni wa ukoo mmoja na nanaa, na ukilishika shina lao utahisi lina pembe nne. Wa kutia chakulani ni mrehani wenyewe.

Kwa matumizi, sina mengi. Majani matano katika birika la chai, yatiwe baada ya kuepua, si wakati maji yanachemka, maana moto huifukuza harufu. Tumbo lililojaa gesi baada ya makande hupata nafuu kwa kikombe hicho, na hiyo ndiyo tiba pekee ninayoisemea. Katika mchuzi wa nyanya uliokaangwa kwa vitunguu saumu vya hapa kwetu, kata kiganja kimoja cha majani utie mwishoni. Mbegu zake zikirowekwa huvimba na kuvaa utando laini kama wa mayai ya chura (wanangu ndivyo wasemavyo, nami nimeshindwa kupata mfano bora), na watu wa Mombasa huzitia katika faluda. Katika Ramadhani tunazitia katika maji ya ndimu kwa futari. Majani mabichi usiyaweke katika friji, kwani huko nako ni Julai. Yasimamishe katika gilasi ya maji kama maua.

Yule kijana wa chupa hakurudi. Nasikia huonekana katika minada ya mbali. Bibi amerejea katika vidonge vyake. Mjukuu wake huvihesabu kila asubuhi na kumwandikia alama katika daftari la shule. Huja Ijumaa akiwa ameshikwa mkono, naye kabla ya kuingia hupita nyuma, huchuma jani kwa mkono wa kushoto, hulisugua kwa kidole gumba na kulinusa kwa muda mrefu. Hajapata tena kuniuliza lile swali, nami bado sijamjibu. Huniuliza tu nani amemwagilia leo.

Mbegu za msimu uliopita zimo katika chupa ndogo iliyooshwa, ndani ya kabati la ofisi ya msikiti. Anayepita Endagikot aje azichukue, ila asichelewe hadi Septemba ikaisha.