Matuta Mawili ya Kiangazi



Huku kwetu Lubumbashi, ugumu wa kiangazi hauji siku mvua inapokatika. Mwezi wa sita na wa saba usiku huwa na baridi, udongo huchelewa kukauka, na mboga hustawi mradi zipate maji kiasi. Majaribu yenyewe huanza mwishoni mwa mwezi wa nane, yakaendelea hadi mvua za kwanza za mwezi wa kumi au wa kumi na moja. Jua huwaka, upepo hubeba vumbi na majivu ya mioto ya porini, na visima hushuka. Ndipo pia watoto hurudi shuleni, na fedha ya nyumba huishia kwenye madaftari na mavazi. Kwa hiyo bustani hulemewa katika majuma yale yale ambayo nyumba inaihitaji kuliko wakati mwingine wowote.

Kiangazi cha mwaka 2024 kilizidi vingine. Mvua zilizokitangulia zilikuwa haba katika sehemu kubwa ya kusini mwa Afrika, na tarehe 29 Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema wa Zambia alitangaza ukame kuwa maafa ya taifa. Mji wetu hula unga mwingi wa mahindi unaovuka mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia, basi habari ile haikuwa ya mbali. Familia inapohesabu vikombe vya unga, mboga inayoandamana na bukari haiwezi kununuliwa kila siku. Heri itoke lupangoni.

Lupangoni mwetu tulikuwa na matuta manane, kila moja likiwa na upana wa mita 1 na urefu wa mita 6. Kisima chetu, kilichochimbwa kwa mikono, kilianza kushuka mapema. Kwa kuwa mimi ni mwalimu, niliwaita watoto tufanye hesabu kabla ya jani lolote kunyauka. Lita 1 ya maji juu ya mita mraba 1 ni kimo cha milimita 1 tu. Siku za joto kali, udongo na mimea hupoteza kimo cha milimita 5 hivi kwa siku. Basi tuta moja lilihitaji lita 30, na matuta manane lita 240, yaani bidoni 12 za lita 20. Baada ya maji ya kunywa, kupika na kuoga, kisima kilituachia bidoni 5.

Wengi wakifika hapo huamua kugawa: kila tuta lipate kidogo, lisife hata moja. Uamuzi huo una sura ya huruma, lakini hesabu inaukataa. Lita 100 juu ya matuta manane ni kimo cha milimita 2. Maji hayo hulowesha ngozi ya udongo tu, na jua huyanyakua kabla hayajafika chini. Mizizi nayo hubaki juu juu ikiyafuata, mahali penye joto kali zaidi. Mwishowe matuta yote manane hufa polepole, na maji yamekwisha.

Tulichagua matatu. La kwanza la lengalenga, kwa sababu huchumwa majuma matatu au manne baada ya kupandwa, na ikikatwa vizuri huchipua tena. La pili la matembele, ambayo huvumilia na kufunika udongo wake yenyewe. La tatu la nyanya, ambazo zilikuwa zimekwisha kuzaa. Kabichi zisizofunga tulizila majani yake. Mihogo ya kando ya ua haikuomba maji. Ilitupa sombe kama kawaida.

Matuta matano yaliyobaki hatukuyatupa. Tuliyafunika kwa nyasi kavu ili jua lisiupige udongo uchi. Mchwa walikuja kuzila, nasi tukaongeza nyingine kila juma. Maji tulimwaga jioni, chini ya shina, si juu ya majani. Maji ya kuoshea mboga na ya kusuuzia nguo yalikwenda bustanini pia, isipokuwa yale yenye javeli.

Mwezi wa tisa kisima cha jirani kilikauka, na bomba la mtaa lilikuwa halitoi maji siku nyingi. Mama yule ana watoto wadogo. Alikuja jioni na bidoni mbili tupu, akasimama mlangoni bila kusema mengi. Mke wangu alimjazia. Kesho yake akaja tena, na ikaeleweka kwamba angekuja kila siku hadi mvua.

Mwanangu wa sekondari alinifuata nyuma ya nyumba. Nyanya zile alikuwa amezipanda yeye, na fedha yake ilikuwa ya viatu vya shule.

“Baba, bidoni mbili ni lita 40. Hilo ni tuta zima na zaidi.”

“Hesabu yako ni sahihi,” nilimjibu. “Zinabaki bidoni tatu. Lita 60. Matuta mawili.”

Alinyamaza. Alijua lipi lingeondoka. Lengalenga na matembele yalitulisha kila baada ya siku chache. Nyanya zilidai maji mengi na kungojewa. Tulichuma zilizoiva, na zile za kijani zilizokomaa tukazipanga kwenye sanduku ndani ya nyumba ziive polepole. Mwanangu aliuza beseni moja pale alipotazamia matatu. Viatu havikupatikana mwezi ule. Alianza masomo na vile vya mwaka uliotangulia, vilivyoshonwa. Sitawaambia kwamba alifurahi. Alichota maji ya jirani kila jioni, na nadhani hilo ni zaidi ya kufurahi.

Vijana wapenzi, ninyi mnaotaka kuanza bustani nyumbani au pamoja katika kikundi chenu, nawasihi mfanye hesabu ya maji mapema, mwezi wa saba, wakati kila kitu bado ni kibichi na kuacha si uchungu sana. Bustani iliyopunguzwa kwa makusudi huvuka kiangazi. Ile inayong'ang'ania ukubwa wake hukauka yote. Na katika hesabu hiyo, andikeni fungu la jirani mstari wa kwanza. Likiachwa mwisho, kila bidoni anayoomba itaonekana kama imenyang'anywa kwenye tuta la mtu fulani, na huyo mtu ataumia. Likiwekwa mwanzo, hakuna anayepanda nyanya juu ya maji ambayo si yake. Mwaka uliofuata mwanangu ndiye aliyeiandika orodha yetu, na mstari wa kwanza aliuandika yeye bila kuambiwa: jirani, bidoni 2.

Mvua ilipokuja, matuta matano yaliyolala chini ya nyasi yalikuwa laini, jembe likaingia bila shida. Tulipanda siku ile ile, kwa mbegu za lengalenga tulizoziacha zikomae kwenye matuta mawili.