Mbongo wa Houston, Bunduki ya Kwanza na Handigadi Iliyozua Mjadala Ndani ya Nyumba

Kule Texas bunduki unaweza kuiunga mwenyewe kipande kwa kipande, kama vijana wa Kariakoo wanavyounga kompyuta ya gemu. Mtutu unaagiza huku, kitako kule, jioni unakaa mezani na spana. Kwenye AR-15, kipande ambacho sheria inakihesabu kuwa ndiyo bunduki ni kimoja tu, ile bodi ya chini yenye namba. Hiyo ukiinunua dukani unajaza fomu namba 4473 na rekodi zako zinachunguzwa. Vingine vyote vinaletwa mlangoni na mtu wa vifurushi, kama raba.

Sasa kuna jamaa mmoja Mbongo yuko Houston. Alienda na viza ya mwanafunzi, na miaka yote hiyo silaha alikuwa anaziona kwenye simu tu, maana mwenye viza ile kwa kawaida haruhusiwi kumiliki, ukiacha vimianya vichache kama kuwa na leseni ya uwindaji. Grini kadi ilipotoka, hamu ya miaka saba ikafunguka. Akanunua bodi, kitako, mtutu wa inchi 16 (ukishuka chini ya hapo bila usajili maalumu wa serikali kuu, umejitafutia kesi). Kila kitu kikaenda fresh. Kikabaki kimoja: handigadi.

Kwa wasiojua, handigadi ni lile kava refu la mbele linalozunguka mtutu. Hapo ndipo mkono wa mbele unaposhika. Mtutu ukipigwa risasi nyingi mfululizo unakuwa kama kikaango, kwa hiyo bila kava unaacha ngozi. Hapo hapo ndipo watu wanapofunga tochi, mkanda na mikogo mingine yote.

Jamaa alikuwa ameshaichagua kichwani zamani sana, toka enzi za kucheza Call of Duty hostel. Ile yenye reli pande zote nne, imejaa meno kama mgongo wa mamba. Ukiibandika Insta, washkaji wa Sinza wanajaza emoji za moto mpaka asubuhi. Akatoa dola 260, boksi likaja. Akaipima kwenye mizani ya mkewe ya unga wa keki: gramu 480, hapo haijafungwa hata tochi.

Mkewe ni nesi, kitengo cha dharura, zamu za usiku. Huyu dada bunduki haoni kwenye gemu. Anaziona zikiwa zimeshafanya kazi yake, Ijumaa na Jumamosi, watu wanaingizwa mbio kwenye vitanda vya magurudumu. Jamaa alipoanza habari za kujenga chuma, hakukataa. Aliweka masharti mawili: sefu yenye funguo, na yeye mwenyewe ajue kuishika. La sefu halikuwa na mjadala, kwa sababu Texas mtu mzima akiacha silaha yenye risasi mahali ambapo mtoto wa chini ya miaka 17 anaweza kuifikia, anaweza kushtakiwa. Na wao wana wawili, wa miaka sita na mitatu, wa mitatu akiwa bingwa wa kupanda makabati.

Sharti la pili ndilo lililoleta kazi. Wakaenda uwanja wa shabaha na rafiki yao mwenye bunduki iliyofungwa handigadi ya aina ile ile, na tochi juu yake, na kishikio cha chini. Bibie ni mfupi, mikono si mirefu. Risasi kumi za kwanza alipiga vizuri kuliko mumewe (hilo jamaa hapendi likumbushwe). Kufika ishirini mkono wa mbele ukaanza kutetemeka, mdomo wa mtutu unazama kila baada ya pumzi mbili. Akaiweka chini taratibu.

"Baba watoto, huu uzito wote umewekwa mbele. Mkono ukitetemeka hivi usiku, risasi inaenda wapi? Nyumba yetu kuta zenyewe za jasi. Upande wa pili kuna kitanda cha wanangu."

Jamaa hakujibu. Ngumu kujibu, kwa kweli. Gramu mia mbili ukizisikia ni kama kitu kidogo, nusu ya pakiti ya unga wa uji. Lakini ziweke mwisho wa mkono ulionyooshwa, ndipo utajua kwa nini mama anayebeba ndoo anaiweka kichwani.

Ndiyo akaanza kutafuta upya, safari hii kwa akili. Wazo la kwanza lilikuwa lile kava la plastiki la vipande viwili, rahisi kuliko yote, nyepesi, linapachikwa bila fundi. Likagoma. Plastiki ile lazima ishikwe mbele na nyuma, na mtutu wake ulikuja na kile kifaa cha gesi kilicholala chini, hauna ule mnara wa kulengea wenye umbo la pembetatu. Mbele hakuna cha kuishikilia. Hapa wengi wanaojenga mara ya kwanza wanapigwa: ukishanunua mtutu umeshachagua nusu ya handigadi, umesaini bila kusoma.

Kikabaki kile cha kuelea. Kinafungwa nyuma tu, kwenye nati ya mtutu, mbele hakigusi kitu. Faida yake ni kwamba ukiegemeza mkono au ukivuta mkanda, nguvu haiendi kwenye mtutu moja kwa moja, risasi haihami. Na badala ya reli pande nne, matundu ya M-LOK, mfumo wa Magpul wa mwaka 2014, unafunga kitu pale tu unapokihitaji. Kulikuwa na mpinzani wake, KeyMod, akaja kupoteza makali baada ya kikosi maalumu cha jeshi la Marekani kuipima mifumo yote miwili na kuichagua M-LOK. Leo kununua KeyMod ni kama kununua simu ambayo chaja zake zinauzwa duka moja mjini.

Katikati ya mjadala huo jamaa akampigia mjomba wake Sikonge, mwindaji wa zamani mwenye gobore la kibali, akamwonyesha kwa video.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Mbona hilo la kwako halina mti? Unashika wapi?"

Jamaa akaonyesha ile ya reli nne. Mzee akaisogelea simu, kimya kidogo. "Hapo utaparuza kitambaa au utashika kwa mkono?"

Bibie alicheka mpaka akakaa chini.

Ikaagizwa ya inchi 13, ya kuelea, M-LOK, gramu 270. Ya inchi 15 ilikuwepo, ndiyo inayotrendi, kava linakaribia mdomo wa mtutu kabisa. Lakini bibie alipima kwa mkono wake mwenyewe kwenye kaunta ya duka: kiganja chake hakifiki hata inchi ya 11. Kilichobaki mbele kingekuwa chuma cha picha. Wamefunga tochi moja na mkanda, basi. Wiki iliyopita alipiga risasi 40 na mdomo wa mtutu ulitulia pale pale.

Ile ya dola 260 bado ipo kwenye boksi, juu ya kabati la nguo. Duka linapokea mzigo ndani ya siku 30 na zimebaki siku sita. Jamaa anasema atairudisha "wikendi hii", ni wikendi ya tatu anasema hivyo, na juzi mkewe alimkuta ameifungua, anaipangusa kwa kitambaa cha miwani. Hakumsemesha. Alichukua mizani yake ya keki akairudisha jikoni.

Wadau, boksi lirudi au libaki?